Nani Alikaza Bolti za Mama Mkwe

Injini iling'oka angani mchana kweupe, watu wote wanaona, na hiyo ilikuwa mara ya pili. Ilichomoka puani mwa ndege ikiwa bado inanguruma, ikapiga bati la stoo ya klabu, paa!, ikabiringika mpaka miguuni pa bwana mmoja aliyekuwa ameketi anakunywa soda kwa raha zake. Soda ikamwagika, bwana akaruka, na ndege yenyewe, baada ya kupoteza uzito wa mbele, ikainua pua, ikaduwaa, kisha ikaanguka kwa mkia kwenye majani marefu. Bahati nzuri mabawa yalisalimika. Bahati mbaya Mwenyekiti wa klabu alikuwepo.

Ilikuwa ndege ya mfano, ya kuongozwa kwa rimoti. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mtu mzima aliyenyoosha mikono yote miwili, mifupa ya mbao nyepesi iliyovikwa kitambaa, na injini ndogo ya mafuta isiyozidi ngumi. Mwenyewe aliiita Mama Mkwe, maana kelele zake zilitangulia kufika na hakuna aliyethubutu kumgusa ovyo. Mwenyewe huyo alikuwa mzee mmoja mjane, fundi pampu mstaafu, aliyekuwa akirusha ndege uwanjani pale kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yote ya mbao alifanyiwa na binti yake, seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kitanda kwa sababu vitanda vyake havipigi kelele. Haya, cheka umalize, tuendelee.

Mwenyekiti alikuwa mama mfamasia, mfupi, anayeongea kama anayekusomea maelekezo ya dawa. Aliiokota injini kwa leso, bado ya moto, akamfuata mzee.

"Mzee wangu, nakuheshimu sana," akasema. "Lakini hii ingempata mtu kichwani, saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine. Jumamosi ijayo njoo. Bolti zote nne utazikaza wewe mwenyewe mbele yangu. Nitapiga mstari wa rangi ya kucha juu ya kila bolti, ushuke mpaka kwenye chuma cha injini. Utarusha dakika kumi. Ukitua, mistari ikiwa mizima, tunaendelea kama zamani. Ukikatika hata mmoja, ujue bolti imezunguka, na hapo ndio mwisho. Mara ya tatu hapa haipo."

Mzee hakubisha. Hilo ndilo lililomtisha binti yake, kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa kubishana hata na redio. Walirudi nyumbani kwa pikapu ya karakana, Mama Mkwe amelazwa nyuma juu ya maranda, na mikono ya mzee ikitetemeka juu ya magoti njia nzima.

Mikono hiyo ilikuwa imeanza kutetemeka miaka miwili iliyopita. Ikikaa bure inacheza yenyewe, ikishika kitu imara inatulia. Spana, usukani, rimoti, hapo haina neno. Lakini nani anaangalia mikono ya mtu ikiwa kazini? Watu wanaiona pale anapopokea kikombe cha chai, basi wanamaliza habari yake yote hapo hapo.

Walipofika mlangoni mzee akasema, "Ni mikono hii, mama. Nadhani nimekaza, kumbe sijakaza. Mara ya kwanza nilijidanganya. Mara ya pili, aa, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Jumamosi siendi. Injini mpe Mwenyekiti, klabu itapata mtu wa kuitumia. Mwili wa ndege utundike karakana kwako uvutie wateja."

"Baba, wateja wangu wanataka vitanda!"

Mzee hakucheka. Aliingia ndani akavua viatu, akaketi, akawasha televisheni ambayo siku zote aliituhumu kwa upumbavu. Binti alisimama pale mlangoni. Tangu mama yake afariki, Jumamosi ndiyo siku iliyomfanya baba yake anyoe ndevu. Akiondolewa uwanjani atabaki na nini? Atabaki na televisheni ile na kiti kile, na atakwisha akiwa amekaa. Hapana. Haiwezekani. Alirudi kwenye pikapu karibu anakimbia.

Karakanani aliilaza Mama Mkwe juu ya meza, akawasha taa, akainama kuangalia pua.

Sasa nikueleze, maana hapa ndipo penyewe. Puani mwa ndege ile mlitokeza vijiti viwili vya mbao ngumu, sambamba, kila kimoja unene wa kidole gumba. Injini inakaa katikati yao, imepanua masikio yake mawili ya chuma kama mtu aliyeegemea viti viwili kwa viwiko. Kila sikio lina matundu mawili. Bolti inapita kwenye sikio, inapita kwenye mbao, inakutana na nati chini. Bolti nne, basi. Injini yote, na ukali wake wote, inashikwa na hizo.

Fundi Kitanda alitarajia kuona matundu yaliyopanuka tu, kama yanavyokuwa bolti ikilegea ikachezacheza. Alichokiona kilimfanya aite, "We!" peke yake mle ndani. Mbao ilikuwa imebonyea. Palipokaa masikio ya injini palikuwa na mashimo ya kina cha ukucha. Chini, palipokaa nati, washa, vile vibati vya duara, zilikuwa zimezama ndani ya mbao, na moja ilikuwa imepenya nusu ya kijiti. Alichokonoa kwa patasi. Mbao ikatoka laini, nyeusi, inanuka oili.

Bolti iliyolegea haizami. Kinachozama ni kilichokazwa, kikakazwa, kikakazwa tena. Mbao inabanwa mpaka inasagika ndani, oili ya injini inapata njia ya kuingia, inailainisha zaidi. Siku hiyo ukipima kwa spana unaambiwa imekaza. Ikipigwa na mtikisiko wa injini dakika tano, inaachia yote kwa mkupuo.

Kwa hiyo baba yake hakulegeza. Alikaza! Binti alipiga meza kwa kiganja, patasi zikaruka. Akashika simu kwa furaha ampigie. Kisha akaiweka chini taratibu.

Baba yake alikaza vipi? Alimjua vizuri. Mzee alikaza bolti mpaka ishike, halafu anaongeza robo ya mzunguko. Robo tu, kwa mbao. Alimfundisha hivyo tangu akiwa msichana mdogo. Na robo ya mzee peke yake isingezamisha washa. Sasa nyingine zilitoka wapi?

Fundi Kitanda alijua nyingine zilitoka wapi. Kila Ijumaa jioni, mzee akiwa anaoga, alikuwa akipita nyumbani na spana mfukoni. Alikuwa anapitia bolti zote nne na kuongeza kidogo. Si kwa ubaya! Aliiona ile mikono ikimwaga chai, akaogopa. Robo ya ziada, nani ataumia? Alikuwa amefanya hivyo mwaka mzima na miezi miwili.

Akakaa juu ya kiti kisicho na mgongo alichokuwa anakitengeneza, gundi yake haijakauka, wala hakujali.

Ndipo Mjomba alipoingia. Mjomba huyu alikuwa kaka wa marehemu mama yake, dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti ya honi. Kila Jumamosi ndiye aliyembebea shemeji yake kisanduku cha vifaa.

"Vipi, mpwa wangu? Mama Mkwe kafa kabisa au tuitishe daktari?"

Binti alikuwa anatazama mfuko wa shati la Mjomba. Mle ndani, pembeni ya kalamu, ilichungulia spana ndogo.

"Mjomba. Hiyo spana ni ya gurudumu gani la lori?"

Mjomba aliushika mfuko wake kama aliyeibiwa. Akatazama dari. Akatazama mlango.

"Si unajua," akasema, na ile honi ikawa filimbi, "pale uwanjani, shemeji akienda kuchukua mafuta, mimi huwa naangalia angalia tu. Naongeza kidogo. Ile mikono yake, mpwa wangu, inanitia hofu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Robo."

Fundi Kitanda alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Mjomba, ambaye hakujua kinachochekesha, akacheka naye. Kisha akamwonyesha mbao. Mjomba akaingiza kidole kwenye shimo, akakiangalia kilivyotoka cheusi, na kicheko kikamkauka.

"Sasa tunamwambiaje?"

"Hatumwambii," binti akasema upesi. "Tunatengeneza. Tunatengeneza kitu ambacho hata akikikaza tembo hakizami. Akiuliza, ni oili. Na oili kweli imo."

Jamani, wiki ile! Vitanda viwili vya watu vilisimama ukutani havina miguu, na wenye vitanda wakapewa maneno matamu. Jumapili alikata vile vijiti vilivyooza, akaling'oa kila tone la gundi ya zamani, akachonga vipya kwa mbao ngumu kuliko zote alizokuwa nazo, kipande cha mguu wa meza kilichokuwa kimekauka miaka tisa juu ya dari. Akavipanda ndani kabisa ya mwili wa ndege kwa gundi ya kuchanganya, ile inayouma pua, akavibana kwa jiliwa, akavitishia kwa kidole visithubutu kusogea.

Lakini mbao ni mbao tu. Ukiibana itabonyea, leo au mwakani. Kilichomsumbua ni kuiondolea mbao ule mzigo wa kubanwa. Jumatatu asubuhi, anapiga mswaki, jibu likamjia, akakimbilia kwa Mjomba na povu mdomoni.

"Redio yako! Antena!"

"Antena imefanya nini?"

"Ni bomba la shaba, Mjomba! Nitapanua matundu, nipachike kibomba ndani ya kila tundu, kirefu sawasawa na unene wa mbao. Juu nalaza kibati cha aluminiamu, chini kingine. Bolti ikipita mle ikikazwa, inabana chuma kwa chuma! Mbao inashikilia tu, haibanwi!"

Mjomba aliipenda redio ile kuliko lori. Aliitazama, akamtazama mpwa wake mwenye povu, akaivunja antena kwa mkono wake mwenyewe. "Chukua," akasema. "Mimi na wewe tuna deni la robo."

Alikata vibomba vinne. Kikiwa kirefu kuliko mbao, bati halikai. Kikiwa kifupi, mbao itabanwa tena mpaka bati likutane na shaba. Alisugua kwa tupa, akapitisha ukucha juu, akasugua tena, mpaka ukucha haukujua shaba inaishia wapi na mbao inaanzia wapi. Kimoja alikiharibu, akakata kingine. Akapaka gundi ndani ya matundu kabla ya kupachika, ili oili isipate hata upenyo wa kuchungulia, kisha akapaka vijiti vyote nje, mara mbili, vikang'aa kama vimelowa.

Alhamisi mzee akaja. Alisema amekuja kuchukua kisanduku chake tu. Akasimama mlangoni dakika moja, mbili, halafu miguu ikamleta yenyewe mpaka mezani. Akavaa miwani. Akapitisha ukucha juu ya kibomba.

"Chuma kwa chuma," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akapaza, "Chuma kwa chuma! Mama, hii nimeifanya kwenye pampu miaka thelathini, sikuwahi kufikiria kuileta kwenye ndege! Nani kakufundisha?"

"Wewe."

Uso wake ukafunguka, akazunguka meza mara mbili, akataka kujua shaba imetoka wapi, akamcheka Mjomba mpaka akakohoa. Alikuwa yeye kabisa. Kisha akauliza, "Lakini ile ya zamani ilikufa na nini?"

"Oili, baba."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Oili," akasema. "Na mkono usiokaza." Binti akainama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Habari zilikuwa zimeenea, na hata yule bwana wa soda alikuja, safari hii akakaa mbali. Mzee alikuwa amenyoa. Injini ikawekwa mahali pake, bolti zikapenyezwa, na Mwenyekiti akachuchumaa na kichupa chake cha rangi nyekundu ya kucha.

"Haya, mzee wangu. Kaza."

Mzee alishika spana. Watu wakajongea, shingo zikanyooka. Mkono ukiwa bado hewani ukaanza kucheza, spana ikagonga kichwa cha bolti, ti-ti-ti, na kila mtu akasikia. Akaurudisha. Akageuka, akamnyooshea binti yake ile spana.

"Kaza wewe, mama."

"Akikaza mwingine," Mwenyekiti akasema, si kwa ukali, "na ndege itaandikwa jina la mwingine. Ndiyo utaratibu."

"Iandikwe jina lake. Mimi nimekubali."

Fundi Kitanda aliangalia spana ile. Ingekuwa rahisi sana. Angeipokea, angekaza, ndege ingeruka vizuri, watu wangepiga makofi. Na baba yake angekaa kwenye kile kiti maisha yake yote akiamini jambo la uongo juu ya mikono yake mwenyewe.

"Sikazi," akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Sikazi, baba, kwa sababu ni mimi niliyeiharibu! Wewe ulikuwa unakaza sawa. Mimi nilikuwa napita Ijumaa, unaoga, naongeza robo yangu. Mwaka mzima. Mbao haikufa kwa oili tu, ilikufa kwa kubanwa. Mikono yako haijawahi kukosea hata siku moja!"

Mjomba akakohoa, akasogea mbele na kisanduku chake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Na mimi, shemeji. Ukienda kuchukua mafuta. Robo yangu."

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Midomo yake ilihesabu.

"Robo yangu, na zenu mbili. Robo tatu?" akasema. "Mmenikazia ndege yangu mpaka robo tatu? Kila wiki?" Kisha sauti ikashuka. "Mkaniacha nikae nyumbani nijilaumu?"

"Mimi nimejua Jumamosi ile ile," binti akasema, machozi yanamtoka waziwazi. "Niliogopa kukwambia. Nisamehe, baba. Tulikuona unatetemeka, tukaogopa badala ya kukuuliza."

Mzee hakusema amesamehe. Alisema, "Nipe hiyo spana." Kumbe bado alikuwa ameishika mwenyewe. Akacheka kidogo, kwa hasira, akainama.

Spana ilipokaa kwenye bolti, mkono ukatulia. Wote waliona. Akakaza mpaka ikashika, akaongeza robo, akaisikiliza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mwenyekiti akapiga mistari yake minne myekundu.

Na Mama Mkwe akaruka! Aliwaka kwa mzungusho wa kwanza wa rafadha, ile pangaboi ya puani, akapiga kelele mpaka ndege wa kweli wakahama miti, akakimbia majani mita ishirini, akanyanyuka. Mzee alimpandisha, akamlaza bawa la kushoto, akampitisha chini mbele ya watu kwa mlio ulioingia mpaka tumboni, akampindua kichwa chini, akamrudisha. Mjomba alikuwa anapiga kelele kuliko injini. Binti alikuwa anaruka, anacheka, anafuta pua, vyote pamoja. Dakika ya tano ikapita, ile ile iliyommaliza mara zote mbili, na pua haikutikisika. "Dakika kumi!" Mwenyekiti akaita. Mzee akajifanya hasikii. "Mzee wangu, kumi!" Alitua dakika ya kumi na nne, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Mwenyekiti alipiga magoti, akawasha tochi ya simu, akakagua kila mstari kwa ukucha. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, jambo ambalo klabu haikuwahi kuliona.

"Yote minne mizima. Haijasogea hata unywele." Akafungua daftari la klabu, akaandika tarehe. "Nani alikaza?"

"Mimi," mzee akasema.

"Weka sahihi hapa."

Kalamu ni nyepesi, haiutulizi mkono. Ilianza kutetemeka kabla haijagusa karatasi, ikaacha nukta moja, ikaacha nyingine, herufi ya kwanza ikatoka imepinda. Mjomba akanyoosha mkono kulishika daftari. Binti akamzuia. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshainuka, akaushusha pia. Mzee aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia.